Mtu wa Mlangoni

Alhamisi, 10 Aprili

Masika yamechelewa. Wingu linapanda kutoka baharini, linasimama juu ya Msambweni, tunaanua nguo, kisha linakwenda zake kunyesha Shimba Hills.

Jumapili wazee wa upande wa Alamin wanakuja kumposa Hanifa wetu. Baba yake Alamin ni Mzee Suleiman, yule mwenye duka la vifaa vya ujenzi Ukunda. Nimeazima busati kwa jirani yangu Bi Dama. Baba Hanifa nimemtolea kanzu yake nyeupe. Ameitazama, akasema, "Hii ni ya sikukuu." Nikamwambia hiyo nayo ni sikukuu.

Nilianza kuandika miaka ile Alfani alipokuwa ng'ambo ya mpaka na jeshi, simu haishiki. Nilikuwa nikimwandikia yeye. Sasa amestaafu, yumo ndani, namsikia akikohoa ukumbini, na mimi bado naandika. Kuna mambo siwezi kumwambia uso kwa uso.

Kama hili: namwomba Mola Jumapili ipite bila helikopta.

Alfani hakuwa rubani. Alikuwa mtu wa mlangoni. Kazi yake ilikuwa kupakia watu na mizigo, kuwafunga, na kuchungulia nje kuhakikisha mkia haugongi mti. Tangu arudi, zile helikopta zinazowaleta wageni wa Diani zikipita hapa juu, yeye hubadilika. Siku nyingine huingia chini ya kitanda. Siku nyingine husimama uani amefumba macho, mkono umekamata kitu ambacho mimi sikioni. Majirani nimewaambia ana kisunzi.

Jumapili, 13 Aprili

Sijui nianzie wapi. Uso wangu bado una moto.

Wazee walifika baada ya alasiri, wakaketi kwenye busati, kanzu zao zimepigwa pasi mpaka zimesimama. Sisi wanawake tulikuwa nyuma ya pazia tukisikiliza. Mambo yalikwenda vizuri. Mzee Suleiman alizungumza kwa upole, akasema wameona ua katika nyumba hii na wamekuja kuomba walichume. Shemeji yangu Abubakar akajibu kama ajuavyo kujibu, watu wakacheka. Alfani mwenyewe alikuwa akiwamiminia wageni kahawa kutoka kwenye dele. Nilimtazama kwa upenyo wa pazia nikasema moyoni, tazama alivyo mzuri mume wangu.

Ndipo ikaja. Mheshimiwa mmoja alikuwa akienda harambee upande wa Lunga Lunga, na rubani wake aliipitisha chini kabisa. Mabati yalitetemeka. Vikombe vikalia kwenye sinia.

Sikumwona akiliacha dele. Nilichoona ni Mzee Suleiman amekwenda chali, kofia yake imebingirika hadi mlangoni, na Alfani amelala juu yake kifua kwa kifua, mdomo umegandamana na sikio la yule mzee. Kahawa ilitapakaa kwenye kanzu zote mbili. Abubakar aliita, "Kaka! Kaka!" Helikopta ilikwisha kwenda, sauti yake imezama kusini, na yeye bado alikuwa pale juu, akinong'ona maneno ambayo hakuna aliyeyasikia. Walimvuta watu wazima, mmoja huku na mmoja huku.

Nilitoka nyuma ya pazia bila hata kujitanda vizuri.

"Ana malaria!" nikasema. "Homa imempanda kichwani. Niwieni radhi, nilimwambia asitoke kitandani." Na nikacheka kidogo, ule mcheko wa kuomba watu wacheke nawe. Hakuna aliyecheka.

Alfani alinitazama. Hakuwa na homa na yeye alijua hana.

Mzee Suleiman aliokota kofia yake, akajipangusa, akasema, "Hakuna neno, hakuna neno." Akasema maneno yaliyobaki yatamaliziwa siku nyingine. Waliondoka bila kugusa haluwa.

Hanifa alikuwa chumbani. Nilipoingia aligeukia ukutani.

Jumatatu, 14 Aprili

Nimeuza mahamri na mbaazi kwenye lango la hospitali kama kawaida. Bi Dama alikuja akauliza, "Nimesikia jana palikuwa na msukosuko?" Nikamwambia malaria. Akasema, "Pole, na hospitali yenyewe hii hapa, si apelekwe?" Nikajifanya nazipindua mahamri zisiungue.

Alhamisi, 17 Aprili

Mzee Suleiman amepiga simu. Posa iko palepale, nikaha iwe Ijumaa ya mwisho ya Mei. Nilipumua. Kisha akauliza, "Mgonjwa hajambo? Nilitaka nije nimjulie hali."

Nikamwambia upesi hayupo, amekwenda kupumzika kwa ndugu zake. Alfani alikuwa uani akichambua wavu wa kuku. Niliufunika mdomo wa simu kwa kiganja ili asisikike.

Mimi najua lugha ya watu wenye mali. Anataka kuja kupima kama damu hii ina kichaa.

Jumamosi, 19 Aprili

Nimelifanya.

Nilimpelekea chai, nikaketi karibu naye, na sikukumbuka mara ya mwisho nilipoketi karibu naye. Nikamwambia kwamba siku ya nikaha itakuwa na watu wengi, vipaza sauti, magari. Nikamwambia pengine ingekuwa bora amwachie Abubakar uwakili, amwozeshe Hanifa kwa niaba yake. Na kabla ya hapo, pengine apate hewa ya shamba kule Majoreni, nyumba ya marehemu mama yake ipo tupu.

Alikinyanyua kikombe, akakirudisha.

"Ni wewe unayetaka, mama Hanifa, au ni wao?"

"Ni wao," nikasema.

Aliitikia kwa kichwa, kwa utaratibu, kama mtu aliyepewa amri na mkubwa wake. "Basi sawa. Mwite Abubakar, nimpe neno."

Hawakusema. Hakuna hata mmoja upande ule aliyesema. Naandika hapa kwa sababu kuna mahali lazima pasemwe kweli.

Jumanne, 22 Aprili

Abubakar amempeleka. Begi lake lilikuwa lile la jeshi. Alimuaga Hanifa kwa kumshika kichwa na kumwombea dua. Mimi aliniambia, "Mlango wa nyuma komeo lake limelegea, tafuta fundi."

Jioni mvua ikaanza.

Jumamosi, 26 Aprili

Mvua. Unga umeshika unyevu, mahamri hazifuri.

Jumatano, 30 Aprili

Mvua usiku na mchana. Helikopta moja imepita leo kuelekea Diani. Nilisimama uani nikaitazama mpaka ikapotea. Sikuwa na wa kumficha.

Hanifa aliniuliza, "Nani atanioza?"

"Ami yako Abubakar."

Alikuwa na ndoo mkononi. Aliitua, akakinga maji ya bomba mpaka yakafurika, hakufunga. Nikamwambia funga maji. Akafunga. Hatujazungumza tangu asubuhi.

Jumapili, 4 Mei

Simu ya Alfani hushika akipanda kilimani tu. Leo ameshika. "Mpunga umeota," akasema. Nikamuuliza kama anakula. "Nakula." Basi. Sikumuuliza jingine na yeye hakusema jingine.

Ijumaa, 9 Mei

Leo alibisha hodi mwanamume mrefu, mweusi, amevaa koti la mvua, mguu mmoja anauburura. Alisema anaitwa Kitheka, anatoka Taru anakofuga mbuzi, na anamtafuta Sajini Alfani. Alikuwa akimpigia simu wiki mbili nzima haimpati.

Nilimkaribisha kibarazani. Nikamwambia Sajini hayupo, anaumwa malaria.

Akacheka. "Malaria? Mama, sisi tulimeza dawa za malaria mpaka mbu walikuwa wanatuogopa." Kisha akaniona sicheki. Akavua kofia. "Ni ile mambo ya helikopta, ama?"

Nikaenda kumletea chai.

Niliporudi alikuwa ameunyoosha mguu, na chini ya suruali niliona si mguu, ni chuma. Akaanza kuzungumza bila kuulizwa, kama watu wa bara wanavyozungumza, moja kwa moja.

"Unajua mara ya kwanza kupanda ile kitu nilikuwa kijana? Nilifurahi, mama! Tukapita juu ya kwetu Taru, nikaona mbuzi za babangu kama mchele umemwagika. Nikasema Mungu ndivyo anatuona. Lakini inatikisa. Meno yanagongana hata ukifunga mdomo. Ukishuka, saa nzima mwili unaendelea kutetemeka, unashika sahani inacheza. Na harufu ile ya mafuta, mpaka leo nikipita karibu na petroli stesheni naskia kama naitwa."

Nikamuuliza, Alfani alikuwa vipi huko.

"Sajini? Ule ndiye alikuwa mlangoni. Mlango hafungi. Sisi tunaketi ndani tumejifunga, yeye amesimama pale kwa upepo, ananing'inia nusu nje, anaangalia. Huwezi kuongea, mashine inakula maneno. Anaongea na mikono. Akikuonyesha kiganja hivi, unatulia. Ukipanda na uoga, unamtafuta yeye kwa macho."

Akanywa chai. Mvua ilikuwa ikipiga bati, akaisubiri ipungue.

"Hii siku ya mguu. Mimi nimelazwa chini, kwa sakafu, damu inaenda. Tumeinuka tu hivi, wakaanza kutupiga kutoka chini. Risasi zinapitia kwa sakafu, mama, kama mvua ya mawe lakini inatoka upande wa chini. Sasa mtu anafanya nini? Kila mtu anajikunja. Sajini akaachilia mlango, akanilalia. Kifua kwa kifua hivi. Mkono mmoja akaweka chini ya kichwa yangu kwa sababu ilikuwa inagonga chuma. Mdomo akaweka kwa sikio. Alikaa hivyo mpaka tukashuka. Hata tumeshuka walimvuta, hakutaka kuniachilia."

Nikauliza:

"Alikuwa akikwambia nini?"

"Sikuskia hata neno moja. Niliskia pumzi tu. Lakini nilijua kuna mtu."

Nilikuwa naiona kofia ya Mzee Suleiman ikibingirika, na mimi nikitoka nyuma ya pazia nikicheka.

"Sasa yuko wapi?" akauliza Kitheka.

"Majoreni. Shambani."

"Na nani?"

"Peke yake."

Alikiweka kikombe kwenye sinia pole pole. "Peke yake," akasema. Hakunilaumu. Laiti angenilaumu.

Amekwenda kulala kwa rafiki yake Ukunda. Amesema kesho kutwa atakwenda Majoreni, na kama nataka, twende pamoja. Hanifa alikuwa amesimama nyuma ya mlango wakati wote. Alitoka akampokea yule mgeni kikombe, akambusu mkono kama binti anavyombusu baba yake.

Jumapili, 11 Mei

Hatukwenda. Mto umefurika, barabara ya Majoreni imekatika. Magari yanaishia njia panda.

Jumatatu, 12 Mei

Simu yake haishiki.

Jumanne, 13 Mei

Simu haishiki. Nimepika mahamri nikazigawa bure kwa wauguzi kwa kuwa sikuwa na moyo wa kupokea hela wala kuhesabu chenji.

Jumatano, 14 Mei

Redio imesema vijiji vilivyozingirwa na maji vinapelekewa chakula kwa helikopta ya jeshi. Ikavitaja vijiji. Ikaitaja Majoreni.

Nilikuwa nasonga ugali. Niliuachia mwiko sufuriani. Kwa kufikiria nimempeleka mahali patulivu, nimempeleka pale hasa zitakapotua. Hapa ninge… hapa ningefanya nini? Ningemsukuma chumbani na kufunga pazia. Hicho ndicho nilichokuwa nikifanya. Kila ndege ilipopita mimi nilikuwa nikichungulia dirishani kuona kama Bi Dama ameona. Sikuwahi, hata mara moja, kuingia chini ya kile kitanda.

Miaka yote hii ninakunywa chai naye na sijawahi kumuuliza, kule juu kulikuwaje. Nilikuwa nikimuuliza mshahara umeingia. Nilikuwa nikimuuliza likizo lini. Watu wakimuuliza habari za vita mbele yangu mimi ndiye niliyekuwa nikibadilisha mazungumzo, nikidhani namhifadhi. Kumbe nilikuwa naihifadhi sebule yangu.

Hanifa amekuja akaketi nami jikoni. Nimemwambia yote: kwamba wakwe hawakuomba baba yake aondoke, nilikuwa mimi. Nilitegemea alie au anipigie kelele.

"Nilijua," akasema. "Alamin aliniambia baba yake anamuulizia baba kila wiki. Nikaona, kama mama amesema uongo, atakuwa ana sababu. Nikangoja uniambie."

"Mbona hukuniuliza?"

"Nilikuonea haya, mama." Na alipoona simwelewi: "Nilikuonea haya wewe. Kwa ajili yako."

Jumamosi, 17 Mei

Maji yamepungua. Tumekwenda, mimi, Hanifa na Kitheka. Kutoka njia panda tulitembea katika tope, Kitheka akiuvuta ule mguu wa chuma ambao ulikuwa ukizama na kunyonywa, akikataa kushikwa mkono. Nyumba ya mama mkwe imesimama, ukuta mmoja umelainika. Alfani hakuwamo. Godoro lilikuwa limeanikwa juu ya paa.

Tulimkuta kwa jirani, mkulima wa mpunga aitwaye Kitsao. Alikuwa ukumbini kwao akipasua nazi. Alikuwa amekonda. Alipomwona Kitheka aliinuka, wakashikana mabega, wakatazamana. Hanifa akamwendea baba yake akajificha kifuani kwake. Mimi nilibaki penye tope.

Mke wa Kitsao ndiye aliyenieleza, tukiwa jikoni. Helikopta ilikuja Jumanne, ikatua kwenye uwanja wa shule. Watu walikimbilia chakula. Alfani alikimbilia upande wa pili, akaingia kwenye mikoko, maji kiunoni. Hakutoka. Kitsao na wanawe walichukua mtumbwi wakamfuata. Walimkuta ameukumbatia mti.

"Mkamtoa?" nikauliza.

"La. Hakutaka. Wakakaa naye." Alisema hivyo huku akipuliza moto, kama jambo la kawaida. "Alipokuwa tayari akapanda mtumbwini mwenyewe. Nikampa uji. Sasa hulala hapa. Kwani kwenu mlikuwa mkimfanyaje?"

Nilisema moshi umeniingia machoni.

Alasiri nilimpata peke yake kando ya mpunga. Shikamoo zangu zote zilikuwa zimekwisha, nikasema tu: "Wao hawakutaka uondoke. Nilikuwa mimi. Nilikudanganya."

Alikuwa ameshika jembe. Alilisimamisha.

"Kwa nini?"

"Niliona haya."

"Kwa ajili yangu?"

"Ndiyo."

Alitazama upande wa mikoko. Kisha akasema, kwa ile sauti yake kubwa ya watu waliozoea injini, mpaka ndege wa mpunga wakaruka:

"Nyote mnadhani ni kelele. Si kelele. Kelele ni nzuri. Ikiwa hewani, mtu hata akilia humsikii, unamwona mdomo tu. Unafanya kazi yako. Unafunga kamba, unaziba damu, unamwekea mkono. Ni ikishatua. Rubani akizima, yale mapanga yanazunguka pole pole, pole pole, halafu kimya. Na katika kile kimya ndipo unapowasikia. Yule anamwita mama yake. Yule anaomba maji. Na yule ambaye ulikuwa ukimsemesha njia nzima, husikii kitu." Alivuta pumzi. "Ikipita pale nyumbani siogopi ikija. Naogopa itakaponyamaza. Nilikuwa nangoja mtu aseme kitu. Lolote. Aniambie chumvi imekwisha. Nawe ulikuwa ukinyamaza, mama Hanifa. Ulikuwa ukifunga madirisha, ukinyamaza."

Nilimwomba msamaha. Akasema, "Nimekusikia." Hakusema amenisamehe, na sikuthubutu kuuliza tofauti yake.

Nikamwomba arudi, amwozeshe mwanawe. Akasema Abubakar ana neno lake, na neno si nguo ya kuvua na kuvaa. Atafikiri.

Jumanne, 20 Mei

Nimekwenda Ukunda dukani kwa Mzee Suleiman. Nilimkuta kati ya mapipa ya rangi na mabati, akamwambia mfanyakazi aniletee kiti. Nilikuwa nimeyapanga maneno njiani, yakanipotea yote. Nikasema: "Shikamoo mzee. Mume wangu hakuwa na malaria. Na wala hakuwa kwa ndugu zake ulipotaka kuja. Alikuwa uani. Nilimficha." Nikaendelea mpaka mwisho, habari za mpakani, za Kitheka, za uwakili.

Alinisikiliza akichezea tasbihi. Nilipomaliza akasema:

"Marahaba mwanangu. Mimi nilijua siku ileile kwamba si homa."

"Ulijuaje?"

"Nimeanguka mara nyingi maishani. Mtu akikuangusha, kichwa ndicho hugonga kwanza. Mimi kichwa changu hakikugonga. Nilipofika chini kulikuwa na mkono." Alijishika kisogo. "Hapa. Na alikuwa akinisemesha sikioni kwa Kidigo, nisiinuke, tumekaribia kufika. Nilirudi nyumbani nikamwambia Alamin, mkwe huyu, siku nikizama, natamani awe karibu. Ndiyo maana nilitaka kuja kumjulia hali. Ukasema hayupo."

Nilitazama sakafu. Mtu mgeni, aliyeangushwa mbele za watu na kumwagiwa kahawa, alikuwa ameujua ule mkono. Mimi nimelala nao miaka yote.

"Na mimi nikadhani," nikasema, "unataka kuja kutupima."

"Labda nami ningedhani hivyo," akasema. Alisema kwa wema, na wema wake ukaniumiza zaidi ya yote.

Alhamisi, 22 Mei

Nimemwambia Bi Dama. Akanisikiliza akitafuna ubuyu. "Mwenzangu," akasema, "mtaa mzima tunajua si kisunzi. Tulikuwa tukikuhifadhia wewe."

Jumatatu, 26 Mei

Manyunyu. Kanga, mashuka, mapishi, wageni wa Mombasa. Hakuna simu kutoka Majoreni.

Ijumaa, 30 Mei

Nikaha ilikuwa baada ya alasiri, msikiti wa hapa jirani. Sisi wanawake tulibaki nyumbani tukisikiliza kwa kipaza sauti. Hanifa aliketi juu ya kitanda, hina mikononi, buibui jipya. Kila gari lilipopita alitega sikio. Saa sita Kitheka, aliyebaki na Alfani Majoreni, alikuwa amepiga simu: "Tuko njiani, ama hatuko. Sajini bado anavaa." Kisha simu ikazima.

Khutba ikasomwa. Nilisimama jikoni karibu na sufuria za pilau, mwiko mkononi. Shehe akauliza, ni nani walii. Kukawa kimya. Niliisikia hewa ya kile chombo ikivuma. Nikasema moyoni sasa atasema Abubakar, na itakuwa halali, na watu watapiga vigelegele, na nitakuwa nimepata kile nilichokitaka mwezi Aprili.

"Mimi. Mimi ndiye baba yake."

Kwa sauti kubwa mno. Kipaza sauti kililia. Wanawake wakashtuka, kisha wakacheka, kisha wakanyamaza. Aliyasema maneno yote, akikosea mahali pamoja, shehe akimrekebisha, akirudia: "Nimekuoza binti yangu Hanifa." Alamin akajibu. Vigelegele vikapasua nyumba. Hanifa alikuwa akilia na kucheka, hina inamlowa.

Mimi sikuweza kupiga kigelegele.

Walipokuja kula, Alfani alikuwa katikati ya Mzee Suleiman na Kitheka, amevaa ileile kanzu, doa la kahawa halijatoka vizuri. Walizungumza kwa mikono zaidi ya maneno, wakicheka. Nilimpelekea sinia. Akasema, "Ahsante." Watu waliniambia, hongera, umeifanya arusi. Nilisema ahsanteni.

Jumapili, 1 Juni

Hanifa amekwenda kwake. Nyumba ina mwangwi.

Alfani alifunga begi lake baada ya chai. Nilidhani atabaki, nilikuwa nimetandika. Akasema mpunga unataka kupaliliwa, na Kitsao anamngoja. Helikopta ya wageni ilipita wakati huo huo. Alishika mwimo wa mlango, akafumba macho. Nilisogea karibu, na ilipoishia nikasema jambo la kwanza lililonijia, kwamba sukari imekwisha, na kwamba yule fundi wa komeo hakuja, na kwamba mke wa Kitsao ana mkono mzuri wa uji. Niliendelea kusema mambo ya kijinga mpaka akafumbua macho.

Alinitazama kama mtu anayenikumbuka nusu.

Nilimsindikiza hadi barabarani. Nikamuuliza, "Nije lini?"

Gari likasimama. Alitupa begi ndani, akapanda, akageuka.

"Njia unaijua," akasema.

Jumatatu, 2 Juni

Nimewaambia wateja wangu wa langoni kesho wasiningoje. Bi Dama akauliza, "Unaumwa?"

Nikamwambia siumwi.